Misaada ya Kigeni: Funzo la Maji ya Moshi kwa Visiwa Vyetu



Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake mwezi Januari 2025, ndugu zetu wengi wanauliza: misaada ya kigeni ni kheri au ni shari kwetu? Kwanza tutenganishe aina zake. Ipo hiba, isiyorejeshwa. Upo mkopo wa masharti nafuu, ambao ni deni, na mara nyingi una riba japo ndogo. Upo utaalamu, yaani kuletewa walimu na mafundi. Na upo msaada wa dharura, kama chakula wakati wa njaa. Kila aina ina athari yake na hukumu yake.

Tutazame Moshi. Japani ilianza kusaidia kilimo cha Kilimanjaro katika miaka ya 1970. Kwa mkopo wake ukajengwa Mradi wa Umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987, wenye mabanio na mifereji inayochukua maji ya mito Njoro na Rau. Hekta 1,100 zilipangiwa mpunga. Wataalamu wakaja na mbegu mpya, na mavuno yakapanda kutoka kama tani 2 kwa hekta hadi zaidi ya tani 6. Mwaka 1994 kikaanzishwa kituo cha mafunzo ya kilimo Chekereni, kikawafundisha wakulima na mabwana shamba wa mikoa mingine pia. Hiyo ni kheri, na mwenye insafu haikatai.

Lakini wakulima walioko juu ya mabanio hawakuwamo kwenye mradi. Walipoona faida ya mpunga, nao wakalima. Maji yakapungua huko chini, na eneo linalolimwa ndani ya mradi likashuka mno. Mifereji ya saruji ipo, maji hayatoshi, na deni lilikuwa la taifa zima.

Ajabu ni kwamba kwenye miteremko ya mlima huohuo, Wachaga walichimba mifongo yao wenyewe karne nyingi kabla ya mfadhili yeyote. Maji yaligawiwa kwa zamu, na asiyefika siku ya kusafisha mfongo alitozwa faini.

Suala hili si geni katika dini yetu. Az-Zubayr (Radhiya Allaahu 'anhu) aligombana na Answari mmoja juu ya maji ya Harrah, Madiynah. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimwelekeza Az-Zubayr, aliyekuwa juu, amwagilie kisha amwachie jirani yake. Haki ya wa juu na wa chini ikawekwa wazi.

Ama hukumu: kupokea hiba ya asiye Muislamu kunajuzu, kwani Mtume alipokea zawadi ya Muqawqis wa Misri, maadamu haina sharti la kuvunja dini. Riba ni haramu hata ikiwa ndogo. Mkulima aliyepewa shamba hakuiandika mikataba hiyo, lakini viongozi wetu watafute hiba, mikopo isiyo na riba, na waqfu wa matajiri wetu.

Nasi visiwani, mabonde ya mpunga ya Cheju na Kibokwa kule Unguja, na Mlemele kule Pemba, yamejengewa mifereji kwa mkopo wa Korea Kusini. Basi wazee na vijana wa mabonde hayo waulize mapema: nani yuko juu ya maji na ana fungu gani? Nani atasafisha mfereji mafundi wakishaondoka? Deni litalipwa na nani, na kwa kitu gani? Kuuliza hivyo si kumkosea shukrani aliyetusaidia. Ni kuchunga amana ya watoto wetu, ambao ndio watakaolipa.

Wa Allaahu A'lam.