Kumbukumbu za Korogwe na Handeni Zisiachiwe Mchwa

Imeota mizizi katika ofisi nyingi za umma fikra potofu kwamba karatasi iliyopitwa na wakati ni takataka, na kwamba picha iliyofifia haina kazi tena. Fikra hiyo ndiyo inayosukumiza majalada ya zamani katika banda linalovuja, pamoja na viti vibovu na matairi chakavu, yangoje siku ya kuchomwa moto. Fikra hiyo hiyo humfanya mhifadhi wa karatasi na picha aonekane kuwa mpangusa vumbi tu. Hapana budi ipigwe vita, na pa kuanzia ni Korogwe na Handeni.

Wilaya hizi mbili zina deni kubwa kwa karatasi. Habari za Mbega, aliyetoka Nguu na kuanzisha utawala wa Wakilindi huko Usambara, zisingetufikia kama zilivyo lau Abdallah bin Hemedi hakuziandika. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilipigwa chapa na wamisionari wa Magila kwa sehemu, tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Kilipochapishwa tena mwaka 1962, jambo hilo liliwezekana kwa sababu kuna watu waliozitunza nakala za zamani. Kama wangezitumia kuwashia moto, watoto wa Mazinde na Vugha wangebaki na masimulizi yaliyokatika katika sehemu.

Baada ya hapo reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakatanda bondeni. Wakaletwa manamba kutoka mikoa ya mbali na hata nje ya nchi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo maalumu cha kuwaandikisha watu hao, kilichojulikana kwa jina la SILABU. Jina lenyewe la manamba linaeleza kila kitu: mtu aliacha kuitwa kwa jina lake, akaitwa kwa namba yake. Leo mjukuu anayetaka kujua babu yake alitoka wapi, alifanya kazi shamba gani na kwa ujira gani, atapata jibu wapi kama si katika kipande, daftari la mishahara na picha ya kambi? Anayeviacha vitu hivyo viliwe na mchwa anamnyang'anya manamba jina lake mara ya pili.

Handeni nayo ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kujenga vijiji vya ujamaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kwamsisi ilikuwa kijiji cha majaribio ya shule iliyofungamana na maisha ya wanakijiji, na Chuo cha Ualimu Korogwe kilishiriki katika kazi hiyo. Katika wilaya hiyo hiyo, huko Chogo, wamepewa makazi na uraia wazao wa Wazigua waliochukuliwa utumwani hadi Somalia katika karne ya 19, ambao walikimbia vita vilivyozuka huko mwaka 1991. Lugha ya Kizigua ndiyo iliyokuwa hati yao kwa muda wote huo. Sasa wana hati za karatasi. Je, hizo nazo zitatunzwa na nani?

Wapo watakaopinga, na hoja zao zinafaa kujibiwa.

Kwanza, watasema kazi hii inahitaji fedha nyingi. Si kweli. Adui wakubwa wa karatasi ni unyevu, joto, mwanga, wadudu na mikono michafu, na wengi kati yao huzuiwa kwa bidii tu. Kuziba paa na kuyainua majalada juu ya sakafu ni kazi ya fundi na mbao chache. Pini na klipu za chuma, ambazo hushika kutu na kuitoboa karatasi, huondolewa kwa mkono. Utepe wa gundi ambao makarani huupenda sana hugeuka kahawia, ukaacha doa lisilotoka; mhifadhi hutumia karatasi nyembamba na gundi ya wanga wa ngano, ambayo huweza kuondolewa kwa maji siku ikihitajika. Picha nyeusi na nyeupe za zamani nazo zina tabaka la jelatini inayotokana na mifupa na ngozi za wanyama. Zikipata unyevu tabaka hilo huvimba, hunata kwenye kioo cha fremu, na kuvu hulila. Dawa yake ni bahasha safi ya karatasi na kabati mahali pakavu.

Pili, watasema siku hizi kuna kompyuta. Ipigwe nakala, karatasi itupwe. Huo ni uvivu uliovikwa vazi la maendeleo. Nakala ya kompyuta ni msaada mkubwa kwa msomaji, lakini mashine huharibika na programu hupitwa na wakati. Nakala ya upande wa mbele haichukui mhuri na majina yaliyo nyuma ya picha. Tena karatasi iliyooza haiwezi kupigwa nakala nzuri.

Tatu, watasema karatasi nyingi ni za mkoloni. Mkoloni mwenyewe alijua thamani yake. Wajerumani walipokuwa wakishindwa vitani mwaka 1916, walizika baadhi ya majalada yao ardhini ili yasitekwe, yalifukuliwa baadaye. Kumbukumbu za Wajerumani zilizo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ziliingizwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia. Picha za mpiga picha Mjerumani Walther Dobbertin zimehifadhiwa Ujerumani. Je, ni sawa Mwafrika asafiri hadi Koblenz kuutazama uso wa babu yake, ilhali picha zilizo kabatini kwake zinaota kuvu?

Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 ipo. Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi Tanga. Katika boma la kale la Tanga, Urithi Tanga imeonyesha kwamba picha za zamani huwavuta wananchi. Kinachokosekana ni nia. Kila mkuu wa ofisi Korogwe na Handeni akague banda lake kabla ya masika, na jalada lolote lisichomwe bila idhini ya wenye mamlaka ya nyaraka. Masijala isifanywe mahali pa kumtupa mtumishi aliyeshindwa kazi kwingine. Apelekwe mwenye makini, na asomeshwe. Walimu nao wawatume wanafunzi kwa wazee na picha mkononi, waulize majina ya waliomo, wayaandike nyuma kwa penseli laini, wala si kwa kalamu ya wino.

Wazee hao wanapungua kila mwaka, na kila anayezikwa huondoka na majina ambayo hakuna mwingine anayeyajua. Mali bila daftari hupotea bila habari. Taifa nalo likipoteza daftari lake, halitajua hata ni mali gani iliyopotea.