KISWAHILI CHA SOKONI NA KISWAHILI CHA MSIBANI

Wapo wenzetu wasemao kwamba Kiswahili, hapa Rusizi, ni lugha ya kuvukia daraja tu. Mtu huenda nacho Bukavu kununua na kuuza. Arudipo nyumbani hukiweka kando, akasali, akawaza na kuomboleza kwa lugha nyingine. Wapo pia wasemao kwamba michezo ya video ni upuuzi wa vijana usiostahili kutajwa darasani. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yamekosa, na kosa lao ni moja: wanapima kitu kwa mahali walipokikuta, si kwa uwezo wake.

Tuanze na michezo. Ule uitwao Journey, uliotolewa mwaka 2012, humpa mchezaji msafiri aliyevaa joho, jangwa, na mlima ung'aao kwa mbali. Hakuna neno litamkwalo. Safari hiyo yaweza kusomwa kama mfano wa maisha ya binadamu tangu kuzaliwa hadi kufa. Je, huo ni upuuzi? Mwaka 2014 ukaja Never Alone, uliotengenezwa pamoja na Wainupiat wa Alaska, na msimulizi wake husema Kiinupiaq, lugha yenye wasemaji elfu chache tu. Ikiwa lugha ya watu wachache hivyo imeweza kubeba hadithi ya mizimu na theluji, Kiswahili chenye mamilioni kina udhuru gani?

Hakina. Mwezi wa Aprili 2024 ulitolewa mchezo uitwao Tales of Kenzera: Zau, na mchezaji aweza kuusikiliza kwa Kiswahili. Aliyeubuni ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeutunga kutokana na msiba wa baba yake. Zau ni mganga kijana aliyefiwa na baba. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kumwambia: nirudishie baba yangu, nami nitakuletea roho tatu kuu. Kisha huanza kuzunguka nchi, akipita misituni na milimani, huku Kalunga akifuatana naye na kumsemesha.

Tazameni vyema, ndugu walimu. Jambo lenyewe ni mapatano. Kijana anapatana bei na mauti! Lugha ile ile idharauliwayo kwa kuwa ni ya sokoni Kamembe ndiyo iulizayo hapa swali lililo zito kuliko yote: mfu ana bei gani, na ni nani awezaye kuilipa?

Katika nchi yetu Kiswahili kilibeba kwa miaka mingi jina baya, kikidhaniwa kuwa lugha ya walaghai na wahuni. Sheria ya mwaka 2017 ilikifanya lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Lakini sheria haing'oi dharau iliyomo moyoni mwa mwanafunzi. Kazi hiyo ni yetu, nasi hatutaifanya kwa kumfundisha kuhesabu nyanya peke yake.

Mtasema kwamba mashine hizo ni ghali na shule zetu hazina. Ni kweli. Lakini hadithi haihitaji mashine katika kila dawati. Mwalimu aisimulie, mwanafunzi mmoja awe Zau, mwingine Kalunga, wajadiliane kwa Kiswahili sanifu mbele ya wenzao. Kisha waulizwe: mizimu ya Kiswahili na abazimu wa Kinyarwanda, walio wa shina moja la neno, wanafanana hadi wapi? Je, mganga ni umupfumu, ama ni umuvuzi? Hapo somo la lugha limekwisha kuwa somo la fikra.

Wala hatusemi kwamba Kiswahili cha mchezo huo kipokewe bila kupimwa. Kipimwe kama tupimavyo riwaya na tamthilia, na penye kasoro pasemwe. Lakini apimaye sharti kwanza asikilize. Ni aibu kwetu kwamba msanii wa Uingereza amekiamini Kiswahili kuzungumza na mauti, hali baadhi yetu tunaokifundisha tungali twakiamini kuuza samaki tu.