Futa neno "figo" kwenye kibao chako

Na Mwajuma wa Kivinje

Wiki hii sokoni Kilwa Masoko nimemkuta kijana na blenda, jenereta ndogo na kipaza sauti. Kijana anatangaza juisi ya mboga: inasafisha figo, inatoa maji mwilini, inashusha presha. Ndani mna mchicha mbichi, karoti, bitiruti, nyanya na ndizi mbivu ya kulainishia. Mwenye afya yake anywe, ashibe.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama wa mtaani kwetu, ana dumu la lita tatu. Mumewe anaumwa figo, miguu imemvimba tangu Ramadhani.

"Shoga, daktari kasema anywe hii?"

"Daktari kasema figo zimechoka, kaandika dawa, kaita mwingine. Huyu kijana ndiye kanieleza vizuri, Bi Mwajuma."

Nikamvuta pembeni. Muuzaji akanijia juu: nisimharibie riziki, mboga haijawahi kuua mtu.

Inaua. Potasiamu inayozidi mwilini hutolewa na figo kupitia mkojo. Figo zikishachoka, inabaki kwenye damu, na ikipanda sana moyo unapiga ovyo, unaweza hata kusimama, pengine bila mgonjwa kuhisi lolote kabla. Sasa tazama kilichomo kwenye blenda ile: mchicha, nyanya, bitiruti, ndizi, vyote vimejaa potasiamu. Hakuna mtu anayetafuna mafungu matatu ya mchicha asubuhi, ila kuyanywa ni suala la dakika moja. Mama zetu huuchemsha mchicha. Ukichemshwa kwa maji mengi na maji yale yakamwagwa, sehemu ya potasiamu inaondoka nayo. Kwenye juisi hakuna kinachomwagwa. Dafu nalo, tunalowapelekea wagonjwa kwa mapenzi, lina potasiamu tele.

Na msiniambie cha shambani hakina madhara. Birimbi tunazotilia achari zina oksaleti nyingi. Kule Kerala, India, madaktari waliandika mwaka 2013 habari za watu 10 ambao figo zao zilifeli ghafla baada ya kunywa juisi ya birimbi. Waliitaka kama dawa.

Yule mama simlaumu hata kidogo. Namlaumu aliyemtoa mgonjwa chumbani bila kumwambia ale nini. Mtu anaambiwa figo zimechoka, anajua mbele kuna mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kila mara kama saa nne, na Dar es Salaam iko kilomita zipatazo 300 kutoka hapa. Atakayemwahidi nafuu kwa glasi moja atamsikiliza, kwa nini asimsikilize?

Si kila mwenye figo mbovu anakatazwa mboga. Inategemea ugonjwa umefika wapi na damu imesomaje. Jibu hilo liko maabara, kwenye blenda halimo.

Kijana, uza juisi yako, lakini neno "figo" lifute kwenye kibao leo hii. Nawe mwenye mgonjwa, mkienda kliniki usiinuke kwenye kiti mpaka umeuliza mawili: potasiamu imesoma ngapi, na mgonjwa wangu ale nini. Wakiita mwingine, kaa hapo hapo.