Nani Kawaambia Baiskeli ni Umaskini?

Mwambie kijana wa Maganzo, hapa kwetu wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, aende Mhunze kwa baiskeli uone atakavyonuna. Kwake hilo ni tusi. Baiskeli ni ya babu yake, ya muuza mkaa, ya mwanafunzi ambaye baba yake hajajaliwa. Mwenye akili anapanda pikipiki ya Boxer, hata kama Boxer yenyewe ni ya mkataba na kila jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri. Wala imani hii haiishii kijiweni. Ingia maofisini utaikuta imevaa tai: wilaya yenye baiskeli nyingi ni wilaya iliyo nyuma, na barabara ya vumbi ni barabara ambayo zamu yake ya lami haijafika.

Imani hiyo ni ya juzi, ni ya uongo, na inatutia hasara.

Ni ya juzi kwa sababu wazee wetu hawakuijua. Miaka ya 1950 pamba ya Usukuma ilikuwa ikilipa, na mwaka 1955 Paul Bomani na wenzake wakaviunganisha vyama vya ushirika kuwa Victoria Federation. Mkulima aliyeuza vizuri msimu ule alitamani baiskeli. Mwenye baiskeli alikuwa mkwe wa kutafutwa. Hata baadaye, kabla bodaboda hazijajaa, abiria wa Shinyanga mjini walipanda baiskeli zenye mto kwenye keria, wakaziita daladala, na hakuna aliyecheka.

Kilichobadilika ni fedha ya machimbo na pikipiki za bei nafuu. Kijana akipata mawe ya dhahabu Nyarugusu kule Geita akarudi na pikipiki, kijiji kizima kinajua mambo yake yamenyooka. Hongera zake. Kosa ni letu tulioigeuza bahati ya mmoja kuwa kipimo cha utu wa wote.

Ni ya uongo pia, na ushahidi upo mbali kidogo. Emporia ni mji mdogo katika jimbo la Kansas, Marekani, katikati ya nyanda za malisho ya ng'ombe. Hauna bahari wala mlima. Una barabara za changarawe zinazokatiza mashamba, basi. Mwaka 2006 watu wachache walianzisha mbio za baiskeli kwenye barabara hizo. Leo zinaitwa Unbound Gravel, umbali wake maarufu ni maili 200, kama kilomita 320, na kila mwaka maelfu ya watu hufunga safari na kulipa kiingilio ili wakale vumbi. Mwaka 2023 mvua iliwanyeshea. Udongo ukanata, magurudumu yakagoma, na mabingwa wenye baiskeli za mamilioni wakashuka kuzibeba begani huku wakikwangua tope kwa vijiti.

Kijiti! Mkulima gani wa Kishapu hakijui? Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu halizunguki. Ndiyo maana masika utaona baiskeli ya Phoenix imevuliwa madigadi, na kijiti kimechomekwa kwenye mpira wa keria pamoja na pampu. Mwenyewe anajua kwamba mvua ikiwa bado mbichi hakatizi mbugani. Anazungukia juu kwenye luseni, kwenye mchanga unaokunywa maji haraka, hata kama safari inarefuka. Anajua gunia la pamba la kwenda AMCOS, chama cha ushirika, lifungwe vipi lisilale upande mmoja, na lini ashuke asukume kabla spoku hazijakatika. Ujuzi huohuo Kansas unaleta wageni na fedha. Huku tunauficha tukiona gari la wilaya linakuja.

Nitaambiwa kwamba tatizo ni mandhari. Anayetaka kuendesha baiskeli kwa raha aende Pugu, au Jozani, au Arabuko-Sokoke kule Kenya, kwenye misitu ya pwani na mikoko na upepo wa bahari. Kishapu ni ukame na miiba. Wanaosema hivyo bado wanaishi miaka ya 1980, Shinyanga ilipoitwa jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na wananchi wakarudia desturi yao ya ngitili, ya kufunga malisho kwa msimu ili nyasi na miti ipumzike. Eneo la ngitili mkoani, ambalo mwanzoni lilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi, lilipita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hiyo nayo ni misitu, ingawa haina kima punju wa kupigwa picha kama Jozani.

Maji nayo yapo. Mto Manonga, mpakani mwetu na Igunga, huyapeleka mpaka kwenye ardhi oevu ya Wembere, na kutoka huko huelekea Ziwa Kitangiri na Eyasi. Masika mbuga zinatuama, yangeyange na korongo wanashuka. Kiangazi mbuga hizohizo zinakauka, na njia zilizokanyagwa na ng'ombe zinakuwa ngumu na laini kwa tairi. Juu ya yote hayo ni mibuyu, na tambarare isiyomkatisha mtu pumzi. Tangu John Williamson agundue almasi Mwadui mwaka 1940, tumezoea kuamini kwamba utajiri wa Kishapu uko chini ya ardhi peke yake. Tuangalie na juu.

Ipo hoja moja nzito, na lazima ijibiwe. Mama mjamzito wa Mwamashele hawezi kupelekwa hospitali kwenye keria usiku wa mvua. Kweli kabisa. Gari la wagonjwa linahitaji barabara, makalavati na madaraja, na sipingi hata senti moja ya kazi hiyo. Ninachopinga ni barabara inayojengwa kana kwamba kila apitaye ana injini. Lami ikija bila njia ya pembeni, mwenye baiskeli anabanwa ukingoni, na basi likipiga honi anaingia mtaroni. Juzi alikuwa na njia, leo hana, na kwenye taarifa tunaandika maendeleo.

Hasara haiishii hapo. Mwaka 2022 lita ya petroli ilivuka shilingi 3,000, na nauli ya bodaboda ikapanda nayo. Mkulima aliyeuza baiskeli ili aonekane wa kisasa akajikuta anakodi kila safari, ya kwenda mashineni, gulioni na zahanati. Baiskeli iliyobaki ukutani haikuuliza bei ya mafuta.

Basi tufanye nini? TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, inapochonga barabara ya kijiji iache ukanda mgumu wa mita moja pembeni kwa baiskeli na waendao kwa miguu. Serikali za vijiji zinapopanga matumizi bora ya ardhi ziandike njia zinazokatiza ngitili na mbuga, zisije zikamezwa na mashamba. Na halmashauri ianzishe mbio za kila mwaka baada ya pamba kuuzwa, kutoka Maganzo hadi Mhunze na kushuka mpaka Manonga, za wanaume na za wanawake, kwa baiskeli hizihizi za keria. Kanda ya Ziwa ina wapanda baiskeli wa kutosha. Kinachokosekana ni heshima.

Rwanda haikungoja. Adrien Niyonshuti alitoka kwenye nchi ya watu wanaosukuma viazi na ndizi kwa baiskeli vilimani, akashindana Olimpiki ya London mwaka 2012. Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza Afrika kupokea mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani. Wao wana milima, sisi tuna tambarare, na bado tunasubiri mtu wa kutuambia kwamba tulichonacho kina thamani.

Mbio za Kishapu zikianza, nina sharti moja: mgeni rasmi aje kwa baiskeli. V8 aiache nyumbani.