AFYA YA JAMAA: Miguu ikivimba, usitafute muloji kwanza



Katika kampi na mitaa yetu, toka Kolwezi mpaka Kipushi, habari hii tunaijua. Baba anatoka kazini, viatu vinakataa kutoka. Asubuhi miguu imepunguka, magaribi imevimba tena. Jirani anasema: «Amekanyaga dawa ya mtu.» Jamaa inauza redio, inalipa mufumu, na lawama inamwangukia mama mukwe ao ndugu mukubwa. Miezi inapita. Siku wanamufikisha hospitali, hata kupumua kunamushinda.

Miguu kuvimba si ugonjwa wenyewe, ni alama. Ni sawa moshi: lazima kutafuta moto uko wapi.

Fanya hivi. Bonyeza na kidole kikubwa juu ya mfupa wa mbele wa mguu, hesabu mpaka 10, achilia. Kama shimo linabaki, ni maji chini ya ngozi. Kisha tazama: ni mguu mmoja ao yote miwili?

Miguu yote miwili. Inaweza kuwa moyo umechoka, mara nyingi juu ya tansio isiyotunzwa: mgonjwa anakosa pumzi akilala. Inaweza kuwa figo: asubuhi uso unavimba, mkojo unatoa povu. Inaweza kuwa maini, kwa mutu wa lutuku ao mwenye hepatite: tumbo linajaa maji, macho yanakuwa manjano. Mtoto anayekula bukari tu, bila maharagi, karanga wala samaki, anaweza kuvimba miguu na nywele zinageuka rangi. Usiseme «amenona». Ni kwashiorkor, na inaua.

Mguu mmoja. Kama una moto, unauma, na homa iko, mikrobe imeingia, pengine kwa kidonda kidogo cha ndani ya buti. Kama unavimba kwa gafula na kuuma nyuma, chini ya goti, pengine damu imeganda ndani ya mshipa. Usiukande! Damu ile inaweza kupanda mpaka kwenye mapafu. Mguu unaokuwa mukubwa polepole kwa miaka, pengine ni filaria, mdudu anayeletwa na mbu.

Dawa za soko nazo zinavimbisha. Wachimbaji wanaomeza diklofenake kila siku juu ya mugongo wanaumiza figo. Na ninyi vijana mnaomeza «dexa» ili mnone: sehemu ya unono ule ni maji, na tansio na sukari vinapanda nyuma yake. Dawa fulani za tansio pia zinavimbisha miguu, lakini usiache peke yako, uliza munganga.

Mama mwenye mimba: miguu kuvimba kidogo ni kawaida. Lakini kisha mwezi wa 5, kama uso na mikono vinavimba, kichwa kinauma sana ao macho yanaona giza, usingoje kesho. Tansio ya mimba inaweza kuua mama na mtoto. Wende siku ile ile. Vilevile kwa yeyote anayekosa pumzi ao kuumwa kifua.

Nyumbani, punguza chumvi. Makayabo uloweke na kubadilisha maji. Kama kazi ni ya kusimama, ukipumzika inua miguu juu.

Katika Luka 14 Yesu alikutana na mutu aliyevimba mwili. Hakuuliza nani alimuroga. Alimuponya, hata ikiwa ilikuwa Sabato. Habari hii ni Luka peke yake anayeiandika, yule ambaye Paulo anamwita munganga. Basi tuombe, na tukiisha kuomba tumupeleke mgonjwa wetu. Pesa ya redio ile, ianze kulipa kupima tansio na mkojo. Na mama mukwe abaki na heshima yake.