Afya Haiuzwi Rejareja

Wako miongoni mwetu, sisi tunaopokea mshahara, ambao wakisikia kwamba mvuvi wa Chuno ameuza mtumbwi ili amtibu mkewe, husema: "Kwa nini hakukata bima? Fedha za korosho amezimalizia kwenye unyago." Usemi huu ni kasumba, tena kasumba ya walioshiba. Hatuna budi kuuchambua.

Tuanze na sisi wenyewe. Mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 hukatwa asilimia 3, yaani shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwajiri wake, ambaye ni umma, huongeza 30,000 nyingine. Kwa mchango huo hutibiwa yeye, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi 4. Hakupanga foleni kuinunua kadi hiyo, wala hakuulizwa umri wake. Utaratibu huu, uliowekwa na sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ni wa haki: wengi walio wazima humbeba mgonjwa, na kesho mgonjwa huyo akipona huwabeba wao.

Sasa tumtazame kabwela wa Chuno. Yeye ni mwendesha bodaboda, mama lishe, au mkulima mwenye mikorosho michache nje ya mji. Hana mwajiri wa kumwongezea hata senti. Vifurushi vya mtu binafsi vilipotangazwa mwaka 2019, kijana wa miaka 18 hadi 35 alitakiwa kulipa si chini ya shilingi 192,000 kwa mwaka. Toto Afya Kadi ilikuwa shilingi 50,400 kwa kila mtoto; mwenye watoto 4 alihitaji 201,600. Kadi haikutolewa mpaka fedha zitimie, ilhali pato la kabwela huja kwa vipande: samaki wa leo, korosho za Oktoba. Huyo ndiye tunayemwita mzembe!

Tutaambiwa kwamba ulikuwapo Mfuko wa Afya ya Jamii, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6. Ni kweli ulikuwa nafuu. Lakini huduma zake ziliishia hospitali ya mkoa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyojengwa papa hapa Mtwara, ilibaki nje ya kadi hiyo.

Kosa si la mnunuzi. Kosa ni kuiuza bima mtu mmoja mmoja, kama sukari ya kupima dukani. Bima ikiuzwa hivyo, wa kwanza kuja ni mgonjwa, na aliye mzima husubiri. Mfuko hukauka; kisha bei hupanda, au mlango hufungwa. Ndivyo ilivyokuwa Machi 2023, usajili wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya uliposimamishwa kwa hoja kwamba wengi walioandikishwa walikuwa tayari wagonjwa. Wazazi wakalaumiwa. Lakini mzazi mwenye shilingi 50,000 tu, akichagua baina ya unga na kadi ya mtoto asiyeumwa, atanunua unga. Huo si ujinga; ni hesabu.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hiyo ni hatua ya kimapinduzi, lakini sheria haitibu malaria. Wajibu wa kwanza ni kwamba asiye na uwezo agharimiwe na umma kwa hakika, bila kuzungushwa ofisini ili athibitishe umaskini wake. Wa pili ni kwamba mchango wa mwenye uwezo ufuate msimu wake. Tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara zimeuzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya msingi. Wakulima wakiamua wenyewe katika mkutano wao mkuu, mchango unaweza kutoka hapo, kama wetu unavyotoka katika mshahara.

Ndugu mwalimu, ndugu mtumishi, kadi iliyo mfukoni mwako si tuzo ya werevu wako. Ni matunda ya umoja. Kumnyima mwenzako umoja huo, kisha kumcheka kwa kukosa kadi, ni unyonyaji wa maneno. Wajibu wetu ni kudai kwamba kabwela wa Chuno aingie katika mfuko uleule tulimo sisi.