Kifafa cha mara moja kwa mwaka: tumeze dawa au tusubiri?



Lipo swali tunaloulizwa mara kwa mara sisi matabibu wa huku Mwanza, na aghalabu mwulizaji si mgonjwa bali ni mama yake au mkewe. Mgonjwa mwenyewe huwa amekaa pembeni, ameinamisha kichwa. Swali lenyewe ni hili: "Huyu huanguka mara moja kwa mwaka, ikizidi sana mara mbili. Sasa ni lazima ameze vidonge kila siku kwa ajili ya dakika mbili tatu?"

Ni swali la haki, na anayelijibu kwa kukemea anamdhulumu mgonjwa. Kwanza tuelewane kifafa ni kipi. Malaria kali, sukari kushuka mwilini, au homa kwa mtoto mdogo (degedege) huweza kumwangusha mtu akatetemeka, na hicho si kifafa. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa kabla ya yote. Kwa kawaida tunasema mtu ana kifafa anapoanguka mara mbili au zaidi, kwa tofauti ya zaidi ya saa 24, bila sababu ya papo hapo kama hizo.

Tofauti ya mara moja na mara mbili si ya vitabuni tu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa katika watu walioanguka mara moja bila sababu, takriban theluthi moja walianguka tena ndani ya miaka mitano. Lakini waliokwisha kuanguka mara mbili, karibu robo tatu yao walianguka mara ya tatu ndani ya miaka minne. Utafiti mwingine, ulioongozwa na madaktari wa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2005, uliona kuwa kuanza dawa mapema hupunguza kuanguka kwa miaka ya mwanzo, ila baada ya miaka mitano walioanza mapema na waliosubiri walikuwa karibu sawa. Kwa hiyo mtu aliyeanguka mara moja tu, akapimwa na ubongo wake ukaonekana hauna dosari, akiamua kusubiri mimi simlaumu.

Tatizo ni kwamba sisi tunaishi ziwani. Hebu mtazame kijana anayevua dagaa kutoka mialo ya Igombe, Kayenze au visiwa vya Ukerewe. Anatoka magharibi, anarudi alfajiri, usiku kucha macho kwenye taa. Kukosa usingizi ni moja ya mambo yanayochochea kifafa, kwa hiyo kazi yake yenyewe inamwita ugonjwa. Kikimjia mtumbwini, zile dakika mbili zinatosha kumzamisha. Tafiti zilizofanyika zaidi Ulaya zinaonyesha kuwa wenye kifafa hufa maji zaidi ya mara 15 kuliko watu wengine, na huko hata bafu la nyumbani huhesabiwa kuwa hatari. Sembuse Ziwa Victoria!

Na si wavuvi peke yao. Yupo mama anayekaanga samaki, karai la mafuta liko mbele yake juu ya mafiga. Yupo binti anayechota maji au kufua ziwani akiwa peke yake, na yupo kijana wa bodaboda mwenye abiria nyuma. Hawa mimi huwaambia wasihesabu wameanguka mara ngapi, bali wahesabu ni saa ngapi kwa siku wanakuwa mahali ambapo kuanguka mara moja ni kifo. Mtu ambaye kifafa humjia usingizini tu, kitandani, ana nafasi zaidi ya kufikiri, ingawa naye hayuko salama kabisa. Mvuvi aliyekwisha kuanguka mara mbili, hata kama ni mwaka jana na mwaka huu, kwa maoni yangu ameze dawa.

Hapo ndipo huletwa hoja ya subira. Wengi tumeisoma madrasa hadithi ya Ibn Abbas (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuhusu mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akilalamika kuwa huanguka na kufunuka mwili. Alipewa hiari ya kusubiri apate Pepo au kuombewa apone. Akachagua subira, lakini akaomba aombewe asifunuke. Watu huishia kwenye subira na kusahau sehemu ya pili. Mama yule alikubali maradhi, lakini madhara yake aliomba yaondolewe. Tena hiari alipewa yeye mwenyewe. Hakuulizwa mumewe wala baba yake. Leo baba anamchagulia mwanawe subira, na anayeanguka motoni ni mtoto!

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha pia kujitibu. Na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la nchi za OIC, lilipokaa Jeddah mwaka 1992, liliona kuwa matibabu huwa wajibu iwapo kuyaacha kutapelekea mtu kufa, kupoteza kiungo au kulemaa. Nayataka masheikh zetu wautazame mtumbwi wa usiku kwa jicho hilo. Ama wanaosema kila kuanguka ni jini, Ibn al-Qayyim (r.a.) aliyeishi karne nyingi kabla ya hospitali zetu alikwisha kueleza kuwa kifafa ni cha aina mbili, na moja ni ya mwili ambayo ni kazi ya matabibu. Kisomo na kidonge havigombani.

Nchini mwetu dawa hizi si ngeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Dk. Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway, alianzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge, akawapa wagonjwa fenobabitoni, na wengi wakapata nafuu. Dawa hiyo imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912 na bei yake ni ndogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Kweli huleta usingizi na uzito wa kichwa, hasa wiki za mwanzo, na hilo mgonjwa aambiwe mapema. Si lazima iwe ya maisha: baada ya miaka miwili bila kuanguka, daktari anaweza kuangalia uwezekano wa kuipunguza kidogo kidogo. Hatari ni kuikata ghafla, kwani kifafa hurudi mfululizo bila kukatika. Dirishani dawa hukosekana wakati mwingine, basi ifuateni zikiwa zimebaki za wiki mbili. Mwanamke wa umri wa kuzaa aseme hivyo kabla ya kuandikiwa, kwa sababu valpoeti huweza kumdhuru mtoto tumboni, na fenobabitoni na kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango.

Ramadhani nayo ina mambo yake. Fenobabitoni humezwa mara moja usiku, hivyo haigusi saumu. Za mara mbili, zungumza na tabibu wako mwezi wa Shaabani kuhusu futari na daku, usingoje mwezi uandame. Kinachowaangusha wengine ni kukesha, tarawehe mpaka daku bila kulala. Na ikibainika kuwa kufunga kunamletea mgonjwa kifafa, rukhsa imo ndani ya Qur'ani, Suratul Baqara.

Mwenye kukataa dawa baada ya kuelezwa yote haya, ni haki yake. Lakini asiende ziwani peke yake, avae jaketi la kuokolea tangu anapopanda hadi anaposhuka, aache bodaboda, na nyumbani jiko liinuliwe kutoka chini. Aandike kila siku aliyoanguka kwenye kalenda ya ukutani, maana "mara moja kwa mwaka" ya kukumbuka mara nyingi huwa nne zikiandikwa.

Akianguka mbele yako, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni. Povu lile haliambukizi, mshike. Zikipita dakika tano bila kukoma, hospitali. Akiwa majini, muinue kichwa mpaka mtetemeko uishe, mtoe, na mpeleke hospitali hata akisimama na kusema hajambo, kwa sababu maji aliyovuta kifuani yanaweza kumlemea baadaye.